The Fable: nianze na manga, filamu au anime? Na mbona wengine hawauoni ucheshi wake?

Msomaji_Kimya

Salaam wakuu. Nataka kuingia kwenye The Fable ya Katsuhisa Minami, ile ya muuaji wa kulipwa anayeamriwa na bosi wake akakae Osaka mwaka mzima kama raia wa kawaida, na akiua hata mtu mmoja basi atauawa yeye. Naona iko kwa sura tatu: manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), filamu mbili za waigizaji, na anime (katuni ya televisheni). Nianze na ipi? Zinafuatana au kila moja inasimulia upya tangu mwanzo? La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: wapo wanaosema ni kichekesho kikubwa, na wapo walioangalia sehemu tatu nne za anime bila kucheka hata mara moja. Kasoro iko kwenye kazi yenyewe au kwenye namna ya kuiangalia? Tafadhali msimwage mtama kwenye kuku wengi, miisho ya visa iacheni.

Kulia_Kushoto

Mkuu, anza na manga, angalau juzuu tatu za kwanza, ndipo uende kwenye skrini. Nalijibu kwanza swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Ucheshi wa The Fable hauko kwenye maneno. Hakuna mhusika anayetupa utani ili msomaji acheke, na uso wa Akira Sato (jina la bandia alilopewa kwa ajili ya maisha ya Osaka) haubadiliki: mdomo umelegea kidogo, macho yametulia, basi. Kinachochekesha ni kwamba kazi ya kuwa mtu wa kawaida anaifanya kwa nidhamu ile ile aliyoitumia kuua. Ameambiwa awe raia, naye anauchunguza uraia kama anavyolichunguza jengo kabla ya kuliingia. Na kwa kuwa amekulia mafunzoni, vitu vidogo ambavyo kila mtu anavijua vimempita. Anakula edamame (soya mbichi za kuchemsha) na maganda yake, wenzake wanamkodolea macho, yeye haoni ajabu iko wapi.

Mfano mzuri kuliko yote uko mapema sana. Wahuni wa mtaani wanamtafuta ugomvi. Huyu ni mtu anayeweza kummaliza adui yeyote ndani ya sekunde 6, lakini anaamua apigwe, kwa sababu raia wa kawaida angepigwa. Na kupigwa kwenyewe anakufanya kitaalamu: kila ngumi anaipokea kwa kukipeleka kichwa upande inakoelekea ili nguvu ipungue, anaiacha pua itoe damu ya kutosha kuaminika, analia na kupiga kelele kwamba anaumia. Asiyejua mapigano anamwonea huruma. Anayejua anaingiwa na baridi. Ukiisoma haraka utaona mtu anapigwa tu, halafu utasema hujacheka.

Kwa hiyo namna ya kusoma ina uzito mkubwa hapa kuliko kwenye manga nyingine nyingi. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na fremu (kisanduku cha picha) ya mwisho, chini kushoto, ndiyo unayoiona kabla ya kugeuza ukurasa. Waandishi wa manga hupenda kuacha swali pale na jibu kuliweka juu ya ukurasa unaofuata. Ukisoma kwa kushusha kurasa kama utepe mmoja kwenye simu, swali na jibu vinaonekana pamoja na mshtuko umekufa. Weka programu yako igeuze ukurasa mmoja mmoja, au ilaze simu usome kurasa mbili kwa pamoja. Ukiona picha kubwa ya kurasa mbili imekatika, nusu hapa nusu kule, ujue mpangilio umeteleza kwa ukurasa mmoja. Tafuta chaguo linaloliacha jalada lisimame peke yake, na zote zitarudi mahali pake.

Jambo jingine ni fremu zisizo na neno. Minami anazitumia sana: mtu ameambiwa kitu, fremu inayofuata ni uso wake tu na nukta kadhaa. Usiziruke. Ukimya ule ndio kipimo cha muda, vuta pumzi moja kisha endelea.

Kuhusu ukubwa wa kazi: ilitoka kwenye jarida la Weekly Young Magazine la Kodansha kuanzia Novemba 2014 hadi Novemba 2019, juzuu 22. Mwaka 2017 ilipata Tuzo ya Manga ya Kodansha, kundi la jumla. Kuna mwendelezo wake, The Second Contact, juzuu 9, uliotoka kati ya 2021 na 2023. Huo usiuguse kabla ya kumaliza zile 22, maana unawachukulia wahusika kuwa unawajua wote.

Fundi_wa_Mapigano

Nakubaliana na mengi ya Kulia_Kushoto ila si kila mtu ana subira ya juzuu tatu kabla ya kujua kama kitu kinamfaa. Filamu ya kwanza ni dakika 123. Ukiimaliza utajua kama mtu huyu na dunia yake vinakuvuta.

Zote mbili zimeongozwa na Kan Eguchi, na Akira ni Junichi Okada. Ya kwanza ilitoka Juni 2019. Ya pili, dakika 131, ilipangwa Februari 2021 ikasogezwa hadi Juni 2021 kwa sababu ya korona. Okada si mwigizaji aliyefundishwa ngumi wiki mbili kabla ya kupiga picha. Ana ngazi ya ukufunzi katika mitindo ya mapigano ya Jeet Kune Do na Kali, na alishiriki mwenyewe kupanga mapigano. Hilo lina faida ya moja kwa moja: kamera haihitaji kujificha. Mwigizaji asipojua kupigana, mhariri hukata picha kila nusu sekunde ili kuficha mwili wa mbadala. Hapa unaona mikono na miguu ya mtu mmoja ikifanya kazi mpaka mwisho wa tendo.

Na kuna ugumu ambao watu hawautaji. Sharti la kisa ni kutoua. Mpangaji wa mapigano wa kawaida ana njia rahisi ya kumwondoa adui kwenye picha: anamuua. Hapa kila adui lazima aangushwe, aonekane ameshindwa kuendelea, na bado abaki hai, huku shujaa mwenyewe amefunika uso asitambuliwe. Kwa hiyo viungo vinafungwa, pumzi inakatwa, silaha inanyang'anywa, na mwenzake adui anatumiwa kama ngao bila kuumia vibaya. Ukiangalia kwa jicho hilo, tendo kubwa la mwisho la filamu ya kwanza linakuwa na maana zaidi ya fujo.

Katika ya pili tafuta mapigano ya kwenye jukwaa la mafundi lililozungushiwa jengo la makazi linalofanyiwa ukarabati. Jukwaa linabomoka kipande kwa kipande huku watu wako juu yake. Mimi naliweka juu ya tendo lolote la filamu ya kwanza, kwa sababu mahali penyewe panapigana: nafasi ni finyu, sakafu haina uhakika, na adui anaweza kutokea juu, chini au ubavuni.

Polepole_Ndio

Fundi, filamu ni nzuri kwa ulichokisema, lakini kwa swali la ucheshi zinapoteza kitu, na sababu ni hesabu tu. Filamu mbili kwa pamoja ni dakika 254. Anime ni sehemu 25, kila moja karibu dakika 23 ukihesabu nyimbo, yaani zaidi ya saa 9, na visa vikuu ni vile vile viwili, vilivyopewa majina ya maadui: cha Kojima na cha Utsubo. Sinema ikibana hivyo inabakiza matukio na kutupa muda wa katikati. Muda wa katikati ndio Akira akiwa kwenye ofisi anakofanya kazi, Octopus, akikaa nyumbani na kasuku wake, akitazama televisheni. Ukiuondoa huo, kinachobaki ni sinema ya mapigano yenye vituko hapa na pale.

Tena filamu ya kwanza imeongeza umati. Kwenye manga uokoaji wa Misaki, mfanyakazi mwenzake Akira, ni jambo la hesabu na utulivu; sinema imeufanya kuwa vita vya mtu mmoja dhidi ya kundi zima. Naelewa kwa nini, ukumbi wa sinema unahitaji kilele. Lakini sifa kuu ya Akira ni kumaliza jambo kabla halijawa vita.

Anime ilitengenezwa na Tezuka Productions ikarushwa Nippon TV kuanzia Aprili hadi Septemba 2024. Nje ya Japani iliwekwa Disney+. Mwongozaji ni Ryosuke Takahashi, mkongwe aliyeanzia Mushi Production ya Osamu Tezuka na aliyeongoza VOTOMS, anime ya roboti za vita, mwaka 1983. Ukijua hilo utaelewa mwendo wake: ni mtu wa silaha zinazoishiwa risasi na watu wanaoongea kidogo. Picha hazichezi sana. Kuna wakati mtu anasimama kama amepigiliwa misumari, na mapigano hayana wepesi wa filamu, hilo lazima lisemwe. Lakini vituo vya maongezi vimeachwa na urefu wake, na kwa kazi hii hilo ni la thamani kuliko michoro inayoruka.

Sasa wale walioangalia sehemu tatu bila kucheka: sehemu za mwanzo zinapanga meza. Bosi anatoa amri, Akira na Yoko, msaidizi wake, wanajifanya kaka na dada, genge la Maguro linawapokea na kuwatilia shaka. Kicheko kinahitaji upande wa pili wa mzani, nao ni watu wa Octopus, ile ofisi ndogo ya usanifu wa matangazo ambako wanamwona Akira kijana mpole asiye na bahati. Majambazi wanamwogopa, wenzake wa kazini wanamhurumia, na wote wanamwongelea mtu mmoja. Mpaka pande hizo mbili ziwe zimesimama, huwezi kucheka sana. Wape sehemu sita. Na wasiongeze kasi ya kuchezesha hata kidogo. Kwa kasi ya moja na nusu kila kituo kinageuka kuwa kosa la uhariri.

Fundi_wa_Mapigano

La umati nalikubali. Ila usiwaonee waigizaji wa filamu: Fumino Kimura katika nafasi ya Yoko, pale anapowalewesha wanaume kwenye baa mmoja baada ya mwingine huku yeye yuko wima, ana ule utulivu unaousema. Na Jiro Sato, mkuu wa Octopus, anatumia vituo kuliko mtu yeyote kwenye filamu zote mbili.

Sikio_la_Osaka

Naongeza kitu ambacho tafsiri inakila kimyakimya, na kinaumiza zaidi anayeangalia kuliko anayesoma.

Kwanza lahaja. Osaka ina Kijapani chake, na kwenye kazi hii lahaja ni sehemu ya kujificha kwa Akira na Yoko. Maandishi ya tafsiri yanasawazisha kila kitu. Huhitaji kujua Kijapani ili uisikie, shika alama nne tu: mwisho wa sentensi "ya" badala ya "da"; kukanusha kwa "hen" badala ya "nai"; "honma" badala ya "hontō" kwa maana ya kweli; na "akan" badala ya "dame" kwa maana ya haifai. Baada ya saa moja utakuwa unasikia nani ni mwenyeji na nani ametoka kwingine. Kwa hiyo chagua sauti ya Kijapani, si iliyotiwa lugha nyingine. Okada mwenyewe ni mzaliwa wa Hirakata, mkoa wa Osaka, ndiyo maana kwenye filamu lahaja inamtoka bila kujilazimisha.

Pili majina. Tafsiri inayaacha kama yalivyo na msomaji hajui kwamba amezungukwa na bahari. Ebi ni kamba wa baharini, na mkubwa wa pili wa genge ni Ebihara. Tako ni pweza, na mwenye ofisi ni Takoda, naye ofisi ameiita Octopus, pweza yule yule kwa Kiingereza. Kai ni wale viumbe wa makombe, na yule mfanyakazi mwenye tabia chafu ni Kainuma. Hama ni ufuko, na kiongozi wa genge ni Hamada. Jina la genge linasikika kama maguro, jodari. Utsubo ni mkunga, samaki anayejificha mwambani mdomo wazi akisubiri. Ukishajua hilo, jina la adui wa kisa cha pili linakueleza tabia yake kabla hajasema neno.

Tatu, Jackal Tomioka. Huyu ni mchekeshaji wa televisheni ndani ya kisa, na Akira ndiye pekee anayemcheka hadi machozi. Watu wengi wanakwama hapo wakidhani tafsiri imeharibu utani wake. Haijaharibu kitu. Tomioka hamchekeshi mwingine yeyote aliye chumbani, ndivyo ilivyokusudiwa. Mtazame Akira, na watazame wanaomtazama Akira.

Msomaji_Kimya

Asanteni sana, haya ni zaidi ya nilivyotarajia. Swali dogo: kama mtu ameshaona filamu zote mbili, anaweza kuingia kwenye manga pale zilipoishia? Na je, kuna mambo mazito ninayopaswa kujua kabla ya kuiweka mbele ya mdogo wangu wa miaka 15?

Kulia_Kushoto

La kwanza: hapana, asiruke. Filamu na anime hazifuatani, kila moja inasimulia upya kutoka manga. Filamu ya kwanza inachukua kisa cha Kojima, ya pili kisa cha Utsubo. Kisa cha tatu, cha Yamaoka, ndicho kinachobeba juzuu za mwisho, na kinahitaji watu wadogo ambao filamu imewapunguza au kuwatupa. Ukiingia katikati utakutana na Kuro, yule kijana wa genge anayemwona Akira kama kaka mkubwa, na hutaelewa uzito wa lolote analolifanya. Anza ukurasa wa kwanza. Sura ni fupi na maongezi si mazito, juzuu moja inaisha kwa kikao kimoja. Matoleo ya Kiingereza ya Kodansha yaliyochapishwa kwenye karatasi yanaunganisha juzuu mbili katika kitabu kimoja, kwa hiyo usichanganye namba ya kitabu na namba ya juzuu unapofuata maelezo ya watu.

Polepole_Ndio

La pili: kwa miaka 15 mimi nasema bado. Damu si tatizo kubwa, tena baada ya mauaji ya ufunguzi inapungua kwa sababu ya sharti lenyewe. Kinacholemea ni kingine. Kojima anamtishia Misaki ili amwingize kwenye biashara ya ngono. Kainuma anaweka kamera za siri chumbani kwa mwenzake wa kazi. Kisa cha Utsubo kinahusu mtu anayejionyesha kama mlinzi wa watoto huku akiwanyonya wazazi wao fedha kwa vitisho, na Hinako, msichana aliye kwenye kiti cha magurudumu, amefanyiwa mambo ambayo kisa hakiyafichi. Minami hayaonyeshi kwa kufurahisha, wala ucheshi hauwaelekei waathiriwa hata mara moja. Lakini yapo, na yanakuja bila onyo, mara nyingi ukurasa mmoja tu baada ya tukio la kuchekesha. Mpangilio huo ndio unaomshtua mtu ambaye amezoea kicheko kiwe upande wake na uovu upande wake.

Sikio_la_Osaka

Kama ukiamua kuangalia naye akiwa mkubwa zaidi, pita mwenyewe kwanza kisa cha Utsubo chote, si sehemu yake ya kwanza tu. Mwanzo wake unaonekana mwepesi kuliko cha Kojima.

Fundi_wa_Mapigano

Na mkishafika hapo, angalieni jinsi manga na filamu zilivyolitatua lile tukio la wahuni wa mtaani. Kwenye manga unaweza kurudi nyuma na kukagua kila ngumi. Kwenye filamu Okada analifanya kwa mwili mmoja mbele ya kamera, na lazima uamini anaumia na uamini kwamba haumii, kwa wakati mmoja. Simamisha, rudisha sekunde kumi, tazama shingo yake usitazame ngumi.